Mwalimu na Vifaranga wa Moyale

Mwalimu hakuingia garini bila kulizunguka kwanza. Hata kama gari lilikuwa limesimama pale pale dakika tano tu, hata kama mvua ilikuwa inamwagika, alilizunguka polepole, mkono mmoja umeshika mtandio usipeperuke, mwingine unagusa tairi moja baada ya jingine, kama mama anayehesabu watoto wake kabla ya kuondoka sokoni. Akimaliza anasema, "Haya, wote wapo." Ndipo anafungua mlango.

Alikuwa akifundisha watu kuendesha gari katika shule ndogo nyuma ya soko la Ruiru, na kila jioni alirudi kwake Kiganjo, Thika, kwenye nyumba ya kupanga yenye geti la buluu. Kuanzia Kiganjo hadi Kiuu kila mtu alimwita Mwalimu. Makanga wa matatu walimwita hivyo, na muuza maziwa, na hata askari wa trafiki ambao aliwafundisha kabla hawajavaa sare. Jina lake kamili niliwahi kuliona mara moja kwenye leseni yake. Aliifunika haraka na kiganja, akasema, "Hilo ni la serikali."

Mimi nilifika kwake nikiwa na miaka thelathini na mitatu, mtu mzima anayeogopa klachi. Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma miaka mingi kabla, nikafanya kazi kiwanda cha nyuzi Thika, kisha nikahamia Ruiru kwenye kampuni ndogo ya kuangua vifaranga. Kazi yangu ilikuwa kuchagua vifaranga wa siku moja na kuwapanga kwenye makatoni, mia moja kila katoni. Nilitaka leseni kwa sababu niliona madereva wa kampuni wanatoka nje, wanaona jua, na mimi nabaki ndani na taa za joto.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Unaitwa nani?"

"Nekesa."

"Nekesa, unajua kuendesha?"

"Hapana, Mwalimu."

"Vizuri sana. Wanaojua ndio wananipa taabu."

Alikuwa na maneno yake. Mtu akiangalia simu, hakumkemea. Alisema tu, "Jibu, mwambie uko mortuari," na simu ikarudi mfukoni. Mwanamke akijitengeneza kwenye kioo cha ndani, alisema, "Hicho kioo ni cha kuangalia wanaokuja kukugonga, mama. Uso wako tumeshauona." Na ukizima gari katikati ya mzunguko, watu wakapiga honi nyuma mpaka masikio yakauma, yeye alitulia kama yuko sebuleni. "Wacha wapige. Honi yao, betri yao. Wewe tafuta gia ya kwanza."

Lakini msimwone hivyo mkadhani alikuwa mtu mtulivu. Huyo huyo aliyenifundisha kuvumilia honi za watu hakuweza kusimama kwenye foleni ya chapati. Akikuta watu watatu mbele yake anaanza kuhema, anaangalia saa, anamwambia mama wa chapati namna ya kupanga meza ili kazi iende haraka. Aliwatukana madereva wa matatu kupitia dirishani kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, kisha akiwakuta kibandani anawanunulia chai na kuwauliza habari za watoto kwa majina. Mwezi wa Ramadhani alifunga bila kukosa siku, na mwezi huo huo ndio mfuko wake ulijaa peremende za wanafunzi. "Mimi ndiye nimefunga," alisema. "Wewe unatetemeka. Kula sukari."

Na alikuwa anaogopa kuku.

Sisemi kwamba hakuwapenda. Aliwaogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Kuku akivuka barabara kule Gatongora, mtaani kwangu, Mwalimu alipandisha miguu yote miwili juu ya kiti, ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Alipogundua ninakofanya kazi, alinitazama muda mrefu. "Unawashika? Na mikono?" Kuanzia siku hiyo kabla ya somo alinitaka ninawe mikono na sabuni mbele yake, na akaangalia kama sina nyoya kwenye sweta.

Jambo ambalo wote tulilijua juu yake ni barabara ya Moyale. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori, alipeleka nyanya na kabichi kaskazini zamani kabla ya lami, wakati safari ilikuwa siku tatu za changarawe na vumbi. Mwalimu aliizungumzia barabara ile kama mtu anavyozungumzia mtaa wake. Alijua mto wa Merille na mchanga wake, alijua upepo wa Turbi unavyosukuma gari ubavuni, alijua mahali pale baada ya Laisamis ambapo mtu anaona maji barabarani na hakuna maji. Somo likichosha, wanafunzi tulimchokoza kidogo, "Mwalimu, na kule Merille?" Basi nusu saa imeisha.

Kwa hiyo simu ya Moyale ilipokuja, nami nimeshapata leseni, sikufikiria mtu mwingine.

Simu yenyewe ilipigwa na mwanamke anayeitwa Qabale, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kule Moyale. Walitaka vifaranga elfu mbili wa kienyeji walioboreshwa. Mwaka uliotangulia waliagiza mahali pengine, vifaranga wakatumwa kwenye buti ya basi, nusu wakafika wamekufa. Bosi wangu alisema hapana, gari lake halifiki huko, barabara ni ndefu na joto ni kali. Nilisikia sauti ya Qabale kwenye simu ikishuka, na mdomo wangu ukaenda mbele yangu. Nikasema, "Mimi nitawaleta. Na gari langu."

Gari langu lilikuwa pikapu tuliyonunua mimi na kaka yangu Wafula, gari kuukuu lenye turubai nyuma, ambalo kufikia wakati huo tulikuwa tumebebea viazi na viti vya harusi peke yake. Bosi alicheka, lakini alikubali kuniuzia vifaranga. Nikienda nikirudi salama, alisema, oda za mbali zote zitakuwa zangu. Wakifia njiani, nirudi kwenye taa zangu na nisizungumzie gari tena.

Jioni hiyo nilipanda hadi Kiganjo. Mwalimu alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Elfu mbili," alisema mwisho.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wanalia?"

"Sana."

Alifunga macho kidogo. Kisha akachukua karatasi. "Mimi sitawakaribia. Lakini hiyo safari nitaifunga mimi, kila fundo."

Jambo la kwanza alilotueleza mimi na Wafula ni kwamba hatutasimama. Kifaranga wa siku moja anaweza kukaa siku mbili, hata tatu, bila chakula wala maji, kwa sababu bado ana kiini cha yai tumboni. Kinachomuua ni joto. Gari likitembea, upepo unapita kwenye matundu ya makatoni. Gari likisimama juani, ndani ya turubai panakuwa jiko. "Nyanya za mzee wangu zilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Ukisimama kula ugali, ukirudi unakuta supu." Na kwa kuwa kampuni hutoa vifaranga alfajiri tu, tungepita sehemu ya joto kali saa sita mchana. Hakukuwa na njia nyingine. Kutoka Ruiru mpaka Moyale, alfajiri mpaka jua linazama, magurudumu yazunguke.

Wiki mbili zilizofuata nilifundishwa kama sijawahi kufundishwa tena maishani. Mwalimu alikuja Gatongora kila Jumamosi na Jumapili, akafungua boneti, akamtuma Wafula chini ya gari na tochi. Mkanda wa feni ulibadilishwa, na ule wa zamani ukawekwa chini ya kiti kwa dharura. Mipira ya radieta aliiminya mmoja mmoja kama anachagua maparachichi. Tulibeba sipea mbili badala ya moja. Jeki haikutosha kuwa nayo, ilibidi tuijaribu, na si kwenye simiti. Alitupeleka kwenye shamba lililolimwa, akatufanya tuinue gari pale kwenye udongo laini. Jeki ikazama kama kijiko kwenye uji. Wafula akaanza kucheka. Mwalimu akampa kipande cha ubao. "Weka chini ya jeki. Huu ubao ni sehemu ya gari kuanzia leo. Ukiuacha, umeacha gurudumu."

Maji aliyagawa mafungu matatu, na madumu akayaandika kwa rangi: ya watu, ya gari, ya magunia. Magunia yalikuwa ujanja wa mume wake. Unalowesha gunia la katani, unalifunga mbele ya mzigo pale upepo unapoingilia, na upepo unaofika nyuma unakuwa baridi. Kati ya katoni na katoni tuliweka vipande vya mbao ili hewa ipite. Petroli ya ziada ilifungwa kwa kamba kwenye kona, mbali na mzigo.

Halafu ikaja habari ya kulala. "Kulala ni kazi," Mwalimu alisema. "Asiyeendesha analala. Hatazami mlima, hachezi simu. Analala." Ilibidi tufanye mazoezi. Alimkalisha Wafula kwenye kiti cha abiria saa nane mchana, akamfunika uso na kofia, akaniambia niendeshe kwenda Kenol na kurudi. Wafula hakulala. Aliimba nyimbo za kanisa chini ya kofia. Wikendi ya pili alilala kabla hatujafika Thika, akakoroma, na Mwalimu, aliyekuwa amebanwa katikati yetu, akasema, "Huyo sasa ni dereva."

Chai alituonya nayo mapema. "Chai ni breki," alisema. "Kikombe kimoja asubuhi, mnasimama mara tatu. Kuanzia usiku wa mwisho ni maji kidogo na ndizi." Wafula, ambaye hunywa chai kama radieta mbovu, alihuzunika waziwazi.

Jaribio kubwa lilikuwa Jumapili ya mwisho. Tulipakia magunia ya pumba yenye uzito wa mzigo wetu, tukaenda Ruiru hadi Thika, Thika hadi Ruiru, mara nane bila kuzima injini, tukibadilishana usukani kila mzunguko. Kubadilishana kwenyewe kulikuwa na utaratibu: anayeendesha anapita mbele ya gari, mwenzake anateleza ndani kuelekea usukani, mkanda, twende. Mwalimu alipima kwa saa. Mara ya kwanza tulichukua dakika tatu, kwa sababu suruali ya Wafula ilinasa kwenye gia. Mara ya nane hatukumaliza nusu dakika. Askari aliyekuwa kizuizini alituona tukipita mara ya tano, akatupungia mkono tusimame.

"Nyinyi, kwani mmepotea?"

Mwalimu akatoa kichwa dirishani. "Kamande, usinisimamishie gari. Niko kazini."

Yule askari akasimama wima. "Woi! Mwalimu! Pitieni, pitieni."

Siku yenyewe nilifika kwenye kampuni saa kumi alfajiri kupakia. Katoni ishirini, vifaranga elfu mbili, sauti yao kama mvua ya mabati iliyo mbali. Mwalimu alikuja na boda boda kutuaga. Alisimama ng'ambo ya barabara, mtandio umefunika pua, akinipigia kelele mambo ambayo alikuwa ameshanieleza mara kumi. Tulichokuwa tunamsubiri ni Wafula.

Wafula hakuja. Aliyepiga simu ni mke wake. Usiku kaka yangu alikuwa amekwenda kumuaga rafiki Kiuu, akala matumbo kibandani, na sasa hawezi kutoka chooni. Nilimsikia kwa mbali akilia, si kwa tumbo, kwa aibu. "Sista, nisamehe. Sista, nimekuangusha."

Nilikaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu. Vifaranga walishatoka mashineni, hawangerudishwa. Dereva mwingine ningempata wapi saa hiyo, na ambaye amefunzwa? Peke yangu, saa kumi na tatu bila kusimama, Mwalimu mwenyewe alikuwa amenikataza. Nikaanza kufikiria namna ya kumpigia Qabale.

Nilipoinua kichwa Mwalimu alikuwa amevuka barabara. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alikuwa anatazama tairi, hakutazama kitu kingine chochote. Akazunguka gari. Alipofika nyuma, mahali pa kelele, alisimama, akavuta pumzi, akapita upesi kama mtu anayepita moto. Akagusa tairi la nne.

"Wote wapo," alisema. "Nimeshaswali. Ingia upande wa pili, naanza mimi."

"Mwalimu, lakini kuku—"

"Usiwataje. Ingia."

Hiyo ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zote: mwanamke wa miaka sitini na kitu, ameushika usukani kwa mikono miwili, pamba masikioni, mgongo hauugusi kiti kwa sababu nyuma ya kiti kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna vifaranga elfu mbili. Karatina alitoa pamba moja. Tulipofika Nanyuki, baridi ya mlima ikiingia dirishani na vifaranga wametulia, alikuwa anamtukana dereva wa lori la mbao, nikajua amepona.

Tulipita Isiolo saa nne. Tukabadilishana chini ya nusu dakika. Lami ikanyooka mbele yangu, nyumba zikaisha, miti ikawa mifupi, halafu ikawa miiba tu, na milima imekaa peke yake mbali kama imesahauliwa. Sikuwahi kuona anga kubwa namna ile. Nikamwuliza, "Mwalimu, mbele hapa kuna nini? Kuna kona?"

Nikadhani amelala kama alivyotufundisha. Nikamwangalia kidogo, nikaona macho yako wazi kabisa, anatazama nje.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Nekesa, angalia barabara. Mimi sijawahi kupita Isiolo."

Mguu wangu ulitaka kwenda kwenye breki. Nilijizuia.

"Na Merille? Na Turbi?"

"Ni yeye alikuwa ananisimulia. Akirudi, mimi napiga pasi, yeye anasimulia. Miaka ishirini nilimfungia mzigo. Maji, magunia, ubao wa jeki. Kila mara alisema, safari ijayo tutaenda wote. Safari ijayo mtoto alikuwa mgonjwa. Safari ijayo gari lilikuwa limejaa." Akanigeukia. "Sikuwadanganya. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilifika."

Nilifikiria, na ilikuwa kweli. Hatukuwahi kuuliza.

Basi tuliendelea hivyo, vipofu wawili. Tofauti ni kwamba yeye alifurahi. Kila kitu alikilinganisha na masimulizi. Kibao cha Merille kilipotokea alipiga makofi. "Ndio huo! Ndio huo mto!" Ulikuwa mchanga mtupu chini ya daraja zuri. "Ai, wameweka daraja. Yeye alilala hapa siku mbili akingoja maji yapungue."

Tairi la nyuma kushoto lilipasuka dakika chache mbele ya hapo, saa sita mchana kamili.

Nilisikia kishindo, usukani ukavuta, nikakumbuka kutogusa breki, nikaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe hadi pembeni. Kimya. Halafu ukimya ukajaa sauti ya vifaranga, na sauti ile ilianza kubadilika. Mtu aliyefanya kazi nao anajua. Wakiwa sawa wanaongea. Wakiungua wanapiga kelele, midomo wazi.

Upepo ulikuwa umekufa. Palikuwa na mti mmoja wa mwiba kama hatua ishirini kutoka barabarani, wenye kivuli cha ukubwa wa kitanda. Nilijua la kufanya. Makatoni yatoke ndani ya turubai, yaende kivulini, yapepewe, huku tairi likibadilishwa. Kazi mbili kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa na nguvu za jeki, Mwalimu hakuwa nazo. Nikamgeukia, nikitafuta namna ya kumwomba abebe vifaranga.

Alikuwa ameshavua viatu vyake vya kuendeshea na kuvaa raba. "Fungua hiyo turubai," alisema.

Nilifungua. Alinyoosha mikono mbele kabisa, akageuza uso pembeni, nikamwekea katoni la kwanza. Kitu chenye uhai kilimgusa kidole kupitia tundu, na Mwalimu akatoa yowe ambalo nadhani lilisikika Laisamis. Hakuliangusha. Alikwenda nalo hadi kivulini akiwa anapiga yowe njia nzima, akaliweka chini polepole kama sahani ya udongo, akarudi mbio.

"Lete."

Katoni ishirini. Kufikia la saba yowe lilikuwa limegeuka kuwa maneno. "Nyamaza. Nyamaza wewe. Na mimi nina joto, umeniona nalia?" Mimi nilikuwa chini na jeki. Ardhi ilikuwa mchanga, nikatia ubao. Nilipochungulia niliona amelowesha magunia, ameyatandaza kwenye matawi upande wa jua, amevua leso ya kiunoni na anapepea, katoni hili, katoni lile, akiwafokea vifaranga sawasawa na alivyotufokea sisi. "Tulieni! Mnapumua kwa haraka kwa nini? Pole pole! Mnakwenda wapi?"

Ilituchukua robo saa na kidogo. Tulipopakia tena alibeba makatoni ya mwisho bila kugeuza uso. Moja lilikuwa limechanika kona na kifaranga ametoa kichwa. Alimtazama. Akamsukuma ndani na kidole kimoja cha shahada, taratibu, akaangalia kidole chake, akakipangusa kwenye gauni.

"Ana joto," aliniambia, kama mtu aliyeambiwa habari mpya.

Marsabit tulipata mawingu na vifaranga wakaanza tena kuongea. Upepo wa Turbi ulitusukuma ubavuni kama ulivyoahidiwa, na Mwalimu, aliyekuwa kwenye usukani, alicheka peke yake kwa muda mrefu. Niliona pia machozi lakini sikuuliza. Jua lilikuwa linagusa vilima tulipoingia Moyale. Qabale na wenzake walikuwa wamesimama barabarani, wamewasha majiko ya makaa kwenye banda, maji yenye glukosi yako tayari. Walifungua katoni moja moja. Waliokufa walikuwa kumi na wanane. Qabale alihesabu mara mbili, kisha akanikumbatia akaninyanyua kutoka ardhini, halafu akamfuata Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu juu, kwa sababu kuku wakubwa wa jirani walikuwa wanatembea uani. Vifaranga alikuwa amewasamehe. Kuku wakubwa bado.

Bosi wangu alitimiza ahadi. Nimepeleka vifaranga Moyale, Lodwar na Garissa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mara nyingi na Wafula, ambaye tangu siku ile hali kitu kibandani siku tatu kabla ya safari. Mwalimu hakwenda nasi tena. Alirudi kwa wanafunzi wake. Lakini masimulizi yake yalibadilika. Yalikuwa mafupi sasa, na yalianza na "Mimi na Nekesa." Na yeye na Qabale wakawa watu wa simu, kila Ijumaa baada ya swala, wakizungumza Kiswahili ambacho kila mmoja alimsahihisha mwenzake.

Miaka ikapita, macho yakaanza kumsumbua. Alifundisha mpaka siku aliposhindwa kusoma namba za gari la mbele. Siku hiyo hiyo alimkabidhi mwenye shule funguo, hakungoja kuambiwa.

Mwaka huu nilipigiwa simu asubuhi moja nikiwa nyumbani Gatongora.

"Nekesa, binti wa Qabale anaolewa mwezi ujao. Nimealikwa. Basi silitaki, dereva simjui. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka, Mwalimu. Tutabeba nini?"

"Mimi."

Nilimkuta kwenye geti la buluu na begi moja na chupa ya chai. Alikuwa amepungua, na miwani yake ilikuwa minene kama chini ya glasi. Safari hii hakulizunguka gari, alisubiri nimfungulie mlango, akaingia, akakaa, akafunga mkanda. Nikawasha gari. Nilikuwa nimepanga kila kitu jinsi alivyonifundisha: maji, sipea mbili, masaa. Nikamwambia tukishika mwendo tutafika kabla ya magharibi.

"Ya nini?" aliuliza.

"Tuwahi, Mwalimu."

"Harusi ni Jumamosi. Leo ni Jumatano." Akageuza uso kwangu. "Binti yangu, safari ile nilipita nchi nzima kwa siku moja. Nilikuwa naangalia lami na kusikiliza nyuma. Macho haya yamebaki kidogo tu. Leo simama kila mahali."

Nikacheka nikidhani ananitania. Tulikuwa hatujamaliza kutoka Thika vizuri aliponionyesha kidole pembeni, ambapo mwanamke alikuwa anachoma mahindi kando ya mashamba ya mananasi. Nikasimamisha gari. Nikazima injini. Mama wa mahindi alituletea benchi, tukakaa, Mwalimu akamimina chai vikombe viwili vilivyojaa, akaweka hindi magotini, akainua uso kuelekea barabara na magari yake.

"Haya," alisema. "Kuna nini pale ng'ambo? Nasikia kitu kinacheza."

Nikamwambia ni bendera ya plastiki kwenye kibanda cha kuosha magari. Na nyuma yake mananasi, mistari mirefu sana, mpaka kilimani. Na mwanamume anasukuma baiskeli yenye magodoro.

"Mangapi?"

Nikahesabu. "Matano."

"Matano," alisema, akauma hindi. "Endelea."